Pumzi ya Msumeno wa Mnyororo katika Nyanda za Juu Kusini

Katika mashamba ya misindano ya Sao Hill wilayani Mufindi, na vilevile katika misitu ya Kiwira na Rungwe mkoani Mbeya, msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, ndio uliochukua nafasi ya shoka. Mwenye mashine hiyo mara nyingi huitegemea kwa chakula cha nyumbani na ada ya watoto; kwa hiyo hupenda ikate haraka. Wapo waendeshaji, huku kwetu na kwingineko duniani, ambao ili kuipa mashine nguvu zaidi hutoboa matundu katika kifuniko cha chujio la hewa, au huliondoa chujio lenyewe. Hoja yao ni kwamba injini hupumua, na anayepumua vizuri hufanya kazi vizuri. Hoja hiyo si ya kipuuzi, ila inahitaji kupimwa kwa fizikia.

Katika usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila kitu kwa kanieneo ya kilopaskali 101 hivi. Penye kimo cha mita 1,900, kama sehemu nyingi za Mufindi zilivyo, kanieneo hiyo hushuka hadi takriban 81. Ikiwa halijoto ni ileile, kila lita ya hewa huko ina oksijeni pungufu kwa moja ya tano. Silinda ya msumeno haibadiliki ukubwa. Hujaza ujazo uleule wa hewa iliyo nyepesi zaidi, na nguvu yake hupungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho.

Sasa liangaliwe chujio. Ichukuliwe kwamba chujio safi huizuia hewa kwa kiasi kinachoweza kusawazishwa na safu ya maji yenye kimo cha sentimita 10. Hiyo ni kilopaskali 1 tu. Kwa hiyo anayeliondoa chujio lake Mafinga hujirudishia, kwa makadirio haya, kilopaskali 1, hali mlima umekwisha kumnyang'anya 20. Hakuna tundu, hata liwe kubwa namna gani, liwezalo kuingiza hewa nzito kuliko ile iliyopo nje.

Hata hivyo mwendeshaji atasema kwamba baada ya kuliondoa chujio aliusikia msumeno ukilia kwa sauti kali zaidi, na huenda anasema kweli. Siri imo katika kabureta. Hewa ipitapo katika sehemu yake iliyobanwa huongeza mwendo, kanieneo yake hupungua, na petroli hufyonzwa kupitia tundu dogo. Kiasi cha petroli hufuata kipeuo cha pili cha densiti ya hewa. Densiti ikiwa 0.80 ya ile ya pwani, kipeuo chake ni 0.89. Basi hewa imepungua hadi 80 katika mia, lakini petroli imepungua hadi 89 tu. Msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam kwa uwiano wa kilo 13 za hewa kwa kilo 1 ya petroli utakuta Mufindi uwiano wa 11.6 hivi. Petroli imezidi: moshi huwa mwingi, plagi huwa nyeusi, na injini hulegea.

Chujio likiondolewa, mfyonzo katika kabureta nyingi za kawaida hupungua, petroli nayo hupungua, na mchanganyiko hukaribia tena uwiano unaofaa. Hiyo ndiyo sauti kali iliyosikika. Kilichoponya ni kupungua kwa petroli, wala si kuongezeka kwa hewa. Na kazi hiyo ingefanywa na bisibisi, kwa kuzungusha kidogo kidogo skurubu yenye herufi H kuelekea upande wa mshale wa saa, bila kupita kikomo cha mizunguko kilichotajwa katika kitabu cha mashine. Baadhi ya misumeno mipya ya Stihl na Husqvarna hujirekebisha yenyewe kwa elektroniki.

Gharama ya kukosa chujio ni kubwa. Injini ya sentimita za ujazo 70, ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, inaweza kuvuta hadi lita 630 za hewa kwa dakika moja. Unga wa mti wenyewe ni laini, lakini gogo lililoburutwa ardhini hubeba mchanga katika magamba yake, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko alumini ya pistoni. Tena katika injini ya mapigo mawili hewa hupitia kwanza chumba cha fitokombo, ndipo iende juu. Basi vumbi hula beringi kabla ya kuzifikia ringi na silinda. Wakati wa kiangazi, ambapo vumbi jekundu hutanda kila mahali, chujio listahili kusafishwa kila siku ya kazi.

Hatari nyingine hutokea safarini. Msumeno uliorekebishwa Mufindi ukipelekwa kupitia Makambako, Mbeya na Tukuyu hadi Kyela, penye kimo cha mita 500 hivi, hukutana na hewa nzito zaidi. Uwiano wa 13 hupanda hadi 14, na kama chujio nalo limeondolewa, hupanda zaidi. Katika injini hizi mafuta ya kulainisha huja ndani ya petroli, kwa kawaida sehemu 1 kwa 50. Petroli ikipungua, mafuta nayo hupungua, joto huongezeka, na pistoni huweza kukwama katika silinda. Skurubu ile irudishwe kinyume cha mshale wa saa kabla ya gogo la kwanza kukatwa.

Yapo, hata hivyo, marekebisho halali ya njia ya hewa. Misumeno kadhaa ina kilango kidogo cha majira ya baridi, ambacho huelekeza hewa iliyopashwa moto na silinda ili kabureta isigande barafu. Kilango hicho kikisahauliwa wazi mchana wa jua, na hewa ikaingia ikiwa na nyuzi 50 badala ya 20, densiti hupungua kwa asilimia 9. Kukifunga hurudisha nguvu nyingi kuliko kutoboa kifuniko. Kinyume chake, asubuhi ya Julai yenye nyuzi 5 huipa injini hewa nzito kwa asilimia 5 kuliko mchana wa nyuzi 20, bila gharama yoyote.

Mwalimu aweza kuanza somo hili kwa kuchemsha maji. Mjini Mbeya, penye mita 1,700 hivi, kipimajoto kitaonyesha nyuzi 94 au zaidi kidogo, si 100. Kisha wanafunzi watafute kimo cha shule yao, wakadirie kanieneo ya hapo, na wakokotoe uwiano wa hewa na petroli ambao msumeno uliorekebishwa Kyela ungekuwa nao ukiletwa uwanjani kwao.