Taa ya Bati na Waya wa Ardhi

Taa ya bati iliyoundwa na fundi wa kijijini ni imara na nafuu, nasi hatuikatazi. Hatari yake i katika ukingo wa tundu: ukila ngozi ya waya, bati zima hushika umeme wa volti 230, na karani aigusaye aweza kufa. Tundu livishwe kipete cha mpira. Waya wa ardhi, wa kijani na manjano, ukazwe kwa skrubu kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Aukazaye juu ya rangi amefunga pambo tu. Waya huo uwe mzima hadi kwenye mfumo wa ardhi wa jengo, ili hitilafu ikitokea umeme ukatike; nondo iliyochimbiwa ardhini pekee huenda isitoshe kuunguza fyuzi. Swichi nayo ikate waya wa kahawia, si wa buluu. Katibu asiidhinishe malipo kabla fundi umeme mwenye leseni hajaipima taa hiyo.