Kupotewa na Maneno si Kupotewa na Akili

Wengi wetu tukisikia neno hospitali twafikiri sindano, vidonge na kisu cha mpasuaji. Leo nataka kuwaeleza tiba isiyotumia hata kimoja katika vitu hivyo, nayo ni tiba ya usemi. Nimeijua kwa sababu mjomba wangu alipatwa na kiharusi, nami kwa muda wa miezi mitatu nilimpeleka mara mbili kila juma katika hospitali ya wilaya yetu hapa Uganda. Chumba chenyewe ni kidogo. Ndani yake mna meza, viti, kioo, kadi za picha, kikombe na kijiko.

Usemi watoka wapi?

Tukitaka kusema, pumzi hutoka mapafuni, hupita kooni na kuzitikisa nyuzi za sauti. Kisha ulimi, meno, midomo na kaakaa huigeuza sauti hiyo iwe maneno. Lakini viungo hivi vyote ni watumishi tu. Anayeamuru ni ubongo.

Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alimwona mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipokufa, Broca aliuchunguza ubongo wake, akaona umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza ugonjwa wa namna nyingine: sehemu iliyo nyuma zaidi ikiumia, mtu husema kwa wepesi, lakini maneno yake hayana maana, wala haelewi vema asemayo mwenziwe. Ugonjwa wa kupotewa na lugha kwa namna hizi huitwa afasia, na mara nyingi huletwa na kiharusi. Si wazimu, si ulevi, wala si kurudi utotoni.

Kazi ya mtaalamu

Kazi ya kwanza haikuwa ya maneno, bali ya kumeza. Kiharusi chaweza kuidhoofisha misuli ya koo, hata maji au chakula kikaingia katika njia ya pumzi na kuleta ugonjwa wa mapafu. Kwa hiyo mtaalamu alimketisha mjomba wima, akampa maji kijiko kimoja kimoja, huku akisikiliza kama atakohoa au sauti yake itabadilika. Kisha akatuonyesha uzito wa uji uliomfaa, akatukataza kumlisha akiwa amelala.

Baadaye alituuliza mjomba husema lugha gani nyumbani, akafanya naye mazoezi kwa lugha hiyo. Mjomba hakuweza kuitaja namba tatu akiulizwa peke yake, lakini wakihesabu pamoja alifika kumi bila kukwama. Mambo tuliyoyazoea tangu utoto, kama vile kuhesabu na kuimba, mara nyingi hubaki hata maneno mengine yakipotea. Basi mtaalamu aliutumia mlango huo ulioachwa wazi.

Ndugu wa mjomba walikuwa wanataka kuuza kipande cha shamba lake ili walipe gharama. Walilizungumza mbele yake kana kwamba hayupo, kwa kuwa hakutamka ila "hii, hii". Mtaalamu alipopata habari aliwaita. Akaweka mezani kadi mbili, moja ya ndiyo na moja ya hapana. "Mzee, kazi yako ni useremala?" Mjomba akagusa ndiyo. "Mzee, kazi yako ni uvuvi?" Akagusa hapana. Kila swali aliligeuza na kuliuliza tena, ili isidhaniwe kuwa anabahatisha. Mwisho akamwuliza kama shamba liuzwe. Mjomba akaigonga kadi ya hapana mara tatu. Akaulizwa kama ziuzwe mbao zilizo ghalani, akagusa ndiyo. Ndugu zake walinyamaza. Mbao ziliuzwa, na shamba ni lake hata leo.

Wengine wanaosaidiwa

Tiba hii si ya wazee tu. Huwafaa watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka, wenye mtindio wa ubongo, wanaochelewa kusema, na wenye kigugumizi, ambao huenda mmoja wao yumo darasani mwenu.

Yatupasayo sisi

1. Sema na mgonjwa kwa sentensi fupi, lakini usimsemeshe kama mtoto mchanga.
2. Uliza jambo moja, kisha ungoje. Hesabu kumi moyoni kabla ya kuuliza tena.
3. Zima redio wakati wa mazungumzo.
4. Tumia ishara, picha, au kitu chenyewe.
5. Mwenye kigugumizi usimmalizie neno lake, wala usicheke. Sikiliza asemalo, si jinsi alisemavyo.
6. Mdomo wa mtu ukipinda ghafula, mkono ukalegea, au usemi ukavurugika, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msingoje kesho.

Maneno ya mjomba hayakurudi yote. Sasa husema maneno mawili matatu pamoja, na mengine huyamalizia kwa mkono. Lakini hakuna tena aamuaye jambo lake bila kumwuliza.

Wataalamu wa kazi hii ni wachache, na hospitali nyingi za wilaya hazina hata mmoja. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, kikiwa cha kwanza katika Afrika Mashariki kutoa shahada hiyo, na wanafunzi wametoka hata nchi za jirani. Ninyi mnaosoma biolojia na kupenda lugha, ambao mara nyingi mwaambiwa mchague moja, jueni ya kuwa ipo kazi inayozitaka zote mbili.