Mwanamke Asiyeona Hedhi

SWALI: Nina umri wa miaka 24, nimeolewa, wala sijapata kuona hedhi, ingawa matiti yaliota kama ya wenzangu. Utotoni nilipasuliwa ngiri pande zote mbili. Sasa daktari amesema sina mji wa mimba na kromosomu zangu ni za kiume. Je, mimi si mwanamke? Na je, nikubali kupasuliwa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Bibi, wewe ni mwanamke leo kama ulivyokuwa kabla ya kupimwa, kwani majibu ya maabara hueleza jinsi mwili ulivyoumbika, wala hayana mamlaka ya kuifuta nafsi ya mtu.

Uliyoyaeleza yaelekea sana hali ya kuzaliwa ambayo mwili hauiitikii homoni ya kiume: korodani zimo fumbationi au kinenani (na kwa hiyo ngiri ya pande mbili kwa mtoto wa kike ni dalili tusiyopaswa kuipuuza sisi matabibu), walakini homoni yake, isipopata wa kuipokea, hugeuzwa kuwa ya kike, matiti yakaota, na nywele za kwapani aghalabu zikawa haba. Kipimo cha homoni, picha ya nyonga na, ikipatikana, uchunguzi wa jeni, vitathibitisha.

Ama kisu, usikikubali kwa fazaa. Maadamu matiti yaliota pasipo dawa, yamkini korodani zingalimo, na kazi yake ndiyo inayoilinda mifupa yako. Hatari ya saratani ipo, nayo huongezeka kadiri umri usongavyo, lakini ujanani ni ndogo. Basi unao wasaa wa kuchagua baina ya kuziacha chini ya uangalizi, ingawa picha hazioni kila kitu, na kuzitoa, ambako kutakulazimu kutumia homoni ya kike hadi yapata miaka 50. Ikiwa tendo la ndoa lina maumivu kwa sababu ya uke kuwa mfupi, upo utaratibu wa kuutanua polepole kwa vifaa, bila ya kupasuliwa.

Mimba hutaweza kubeba, nami nasikitika kukuambia hivyo; lakini tamko la mabingwa wa hali za namna hii waliokutana Chicago, lililochapishwa mwaka 2006, lilihimiza mgonjwa aelezwe hali yake yote, na haki hiyo ni yako. Mumeo naye amwone daktari pamoja nawe, faraghani, utakapokuwa tayari.

Ukiwa na wadogo zako wa kike waliofika miaka 15 bila hedhi, au waliopata ngiri kama yako, nao wapimwe, kwani mara nyingi hali hii hurithiwa kwa upande wa mama. Wala mama yenu asishutumiwe, maana hakujua.