TUJIFUNZE: Namna ya Kuwapata Wanamuziki Wanaojitegemea na Albamu Zao Mpya

Poleni na mitihani, poleni na baridi, na wale wa shifti za usiku poleni na maboksi. Safari hii nimepewa ukurasa wa somo, nami nimechagua muziki. Sizungumzii ile miziki tunayoicheza kwenye kila sherehe ya jumuiya, maana ile haihitaji somo, inajileta yenyewe. Nazungumzia watu ambao hawana kampuni kubwa wala matangazo, wametoa albamu nzuri, na wewe uliye huku hujui hata kama wapo.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Dar. Alikaa karibu mwaka mzima akirekodi albamu ya nyimbo tisa, usiku usiku, kwa sababu mchana studio ilikuwa na wateja wenye hela. Alipomaliza akanitumia nyimbo zote kwa WhatsApp na ujumbe mfupi: "Bro, shikamoo. Sikiliza, uniambie ukweli." Nikazisikiliza kwenye basi nikienda kazini, mpaka nikapitiliza kituo. Kwa furaha ile nikazirusha zote kwenye grupu la wanafunzi, watu zaidi ya mia, nikaandika "mdogo wangu huyo!" Watu wakamwaga pongezi. Wiki mbili baadaye akanipigia. Albamu ilikuwa sokoni kwa dola 5, na ilikuwa imenunuliwa mara nne tu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Bro, hao watu wa huko waliipenda?" Nikamwambia waliipenda sana. Akasema, "Basi sawa." Hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kwa hiyo somo la leo lina sehemu mbili: namna ya kuwapata watu hawa, na namna ya kuwafaa ukishawapata. Haya, twende kazi.

1. Tunamzungumzia nani hasa?

Mwanamuziki anayejitegemea ni yule anayegharamia kazi yake mwenyewe, au anayeitoa kupitia lebo ndogo isiyo chini ya makampuni makubwa ya dunia. Si lazima awe maskini, si lazima awe chipukizi, na si lazima awe hajulikani. Wapo wanaojulikana Berlin kuliko Buguruni. Tofauti ni kwamba hakuna mtu anayelipwa mshahara ili kuhakikisha wimbo wake unakufikia. Kwa hiyo wewe msikilizaji ndiye unayetakiwa kutembea nusu ya njia.

2. Njia ya kwanza: soma jalada

Wazee wetu waliokua na santuri na kanda walikuwa na tabia moja nzuri, walisoma jalada. Nani kapiga gitaa, imerekodiwa wapi, nani kasimamia. Sisi tumezoea kubonyeza tu na kuendelea na mambo mengine. Turudishe tabia hiyo, kwani maelezo ya albamu yapo hata leo mtandaoni, ni sisi tu hatuyasomi. Kila albamu ina majina matatu ya kushika: jina la msanii, jina la prodyuza au studio, na jina la lebo. La kwanza linaweza kukupa albamu moja. La pili na la tatu yanaweza kukupa kumi.

Mfano ni singeli. Huu ni muziki wa uswahilini Dar es Salaam, uliokulia kwenye vigodoro, na kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ndogo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Sisso ni studio ya Mburahati, na ndilo jina la prodyuza wake pia. Sasa chukua karatasi, andika majina yaliyomo humo na uyafuate moja moja. Utamkuta Jay Mitta, ambaye mwaka 2018 alitoa Tatizo Pesa (hakuna mwanafunzi wa ughaibuni atakayehitaji kutafsiriwa jina hilo!). Utamkuta Bamba Pana, aliyetoa Poaa mwaka huo huo. Sisso mwenyewe alitoa Mateso mwaka 2019. Kisha rudi kwenye lebo, uone nini kilifuata: mwaka 2022 ikatoka Sounds of Pamoja, kutoka studio nyingine ya Dar, Pamoja Records ya prodyuza Duke, na mwaka 2024 Sisso akatoa Singeli Ya Maajabu pamoja na Maiko. Hesabu mwenyewe: jina moja la studio limekupa albamu sita za mji mmoja.

Lebo hiyo hiyo ukiifuata upande wa Kenya utakutana na Duma, vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yenye jina lao mwaka 2020. Ni metali na kelele za umeme tupu. Mimi naipenda, lakini nakushauri usiiweke kwenye harusi ya mtu.

Nisema ukweli, kuna aibu kidogo hapa. Singeli imechezwa kwenye kumbi za Ulaya na watu wasioelewa neno hata moja, huku sisi tunaoelewa kila tusi na kila utani tukiambiwa habari zake na wanafunzi wenzetu Wazungu. Mimi mwenyewe nilisimuliwa habari za Mburahati na mtu wa Leeds!

3. Njia ya pili: fuata ukoo na fuata chuo, lakini angalia majina

Muziki wetu mwingi unarithishwa nyumbani au unafundishwa chuoni, kwa hiyo ukimjua mzee, uliza nani kamfuata. Siti binti Saad wa Zanzibar tunamjua wote, alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya Siti of Unguja mwaka 2020 kupitia lebo ndogo ya London iitwayo On The Corner. Huko ndiko kufuata ukoo. Ukifuata chuo, utafika Dhow Countries Music Academy ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 2002, na huko utawakuta Siti and the Band, kundi la Siti Amina, mwimbaji na mpiga udi. Albamu yao ni Fusing the Roots, ya mwaka 2018. Sasa angalia: tumeshataja Siti watatu, na si mtu mmoja. Wengi huandika "Siti Zanzibar" kwenye simu, wakabonyeza cha kwanza kinachotokea, wakamsifia huyu kwa kazi ya yule.

Bara nako ni hivyo hivyo. Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Wagogo, alifariki mwaka 2003. Mwanawe Msafiri alitoa Uhamiaji mwaka 2017. Kisha mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, wakatoa Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Hawa walikuwa wakiitikia na kucheza nyuma ya wanaume wa ukoo wao kwa miaka mingi, sasa wamesimama mbele. Kama ungefuata jina la mzee peke yake, ungedhani mambo yaliishia 2003.

Na Wakenya, msije mkamchanganya Joseph Kamaru na Joseph Kamaru. Babu ni yule mwimbaji mkubwa wa Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu, aliyepewa jina la babu kwa mila ya kwao, anajiita KMRU. Haimbi, anarekodi sauti za mahali, mvua, barabara, mitambo, na kuzifuma polepole. Albamu yake ya Peel ilitoka mwaka 2020. Naye alikwenda Berlin kusoma, yaani ni mwenzetu kabisa. Jambo lililonigusa ni kwamba alizichukua nyimbo za babu yake na kuzitoa upya kwenye Bandcamp, ili anayezitaka azinunue kwa familia na si kwa mchuuzi wa nakala za wizi.

4. Njia ya tatu: soma maandishi madogo ya tamasha

Sauti za Busara imekuwa ikifanyika Zanzibar tangu mwaka 2004. Nyege Nyege ya Uganda ilianza mwaka 2015. Huna nauli? Hata mimi sina. Lakini orodha ya wasanii ni bure. Usihangaike na majina ya juu yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, hao unawajua. Shuka chini kwenye maandishi madogo, sikiliza wimbo mmoja mmoja wa kila jina, na weka alama kwa watatu.

Na usisahau njia ya kale kuliko zote, kuuliza. Ukipiga simu nyumbani, ukishamaliza salamu na habari za ada, muulize mdogo wako: "Mtaani kwetu nani anarekodi siku hizi?" Utashangaa.

5. Hesabu kidogo

Sasa umempata. Utamfaa vipi? Tuseme albamu ya nyimbo 10 inauzwa dola 8 kwenye Bandcamp. Wao hukata asilimia 15 kwa mauzo ya nakala za mtandaoni, yaani dola 1.20. Zinabaki dola 6.80, kabla ya ada ya malipo. Upande wa pili kuna huduma za kusikiliza bila kununua. Hizi hazina bei moja, lakini kwa kawaida kila usikilizaji mmoja huingiza sehemu tu ya senti. Tukikadiria theluthi moja ya senti, ili zipatikane hizo dola 6.80 wimbo lazima usikilizwe mara 2,040. Maana yake ni kuirudia albamu nzima mara 204, mtu mmoja! Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2024 Spotify haulipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12. Chipukizi wengi wanaishia hapo chini.

Sisemi tuache kusikiliza huko. Sikiliza, ndipo utakapomjua. Ila ukishapenda, nunua. Na kama mfuko umekauka, subiri zile Ijumaa za Bandcamp, zilizoanza tarehe 20 Machi 2020 na kurudiwa mara nyingi baada ya hapo. Siku hiyo wao huacha fungu lao, msanii akabaki na zaidi.

6. Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

Kwanza, ukurasa huu wa mauzo ni wa nani? Wa msanii, wa lebo yake, au wa mtu aliyeokota nyimbo? Angalia kama msanii mwenyewe anauelekeza.

Pili, kuna lebo katikati? Kama ipo, msanii atapata fungu lake kwa mujibu wa mkataba wao, mara nyingi baada ya gharama kurudi. Si dhambi, lebo nyingine ndizo zilizomfikisha hapo. Ila ujue hela yako inapita wapi.

Tatu, na hili ni letu sisi: wapo wasanii nyumbani wanaopata tabu kupokea malipo kutoka nje, wakaomba ndugu aliye huku awapokelee. Ukikubali kazi hiyo, andikeni makubaliano, weka hesabu ya kila mauzo, na utume hela kwa wakati. Usiseme "nitamtumia mwisho wa mwezi na zile za mama." Undugu umevunjika kwa vijisenti vidogo kuliko hivyo.

7. Zoezi

Kabla ya mkutano wetu ujao, kila mmoja afanye haya:

(a) Chagua albamu moja ya msanii anayejitegemea wa Afrika Mashariki, uisikilize yote toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka.

(b) Andika majina yake matatu: msanii, prodyuza au studio, na lebo.

(c) Kwa kila jina, tafuta albamu nyingine moja.

(d) Nunua moja. Moja tu. Bei yake ni kama ya baga na chipsi pale karibu na maktaba.

Wana Goma, Bukavu na Bujumbura, naona mifano yangu imeelemea pwani na Nairobi. Leteni ya kwenu mkutanoni, nitaiandika daftarini.

Mtauliza mdogo wangu aliishia wapi. Nilirudi kwenye grupu, nikaomba radhi, nikaeleza kuwa zile nyimbo hazikuwa zangu kuzigawa, nikaweka mahali pa kununulia. Wakanunua kumi na saba. Kati ya watu zaidi ya mia si wengi, lakini alipunguza deni la studio na ameanza kurekodi albamu ya pili. Nimemwomba anionjeshe japo wimbo mmoja, amekataa. Anasema, "Bro, utanunua kama watu wengine."

Wasalaam, na tukutane mkutanoni.