Unaenda ng'ambo kufanya kazi? Funga dawa kabla ya nguo

MWISHONI mwa mwaka 2020, mama mmoja wa miaka 38 aliingia katika kliniki yangu akiwa amevimba miguu na uso. Alikuwa amerejea majuzi kutoka Saudi Arabia, alikokuwa akifanya kazi za nyumbani. Nilipompima presha nilishtuka. Vipimo vya damu vilipotoka, vilionyesha kwamba figo zake zilikuwa zimeanza kuharibika.

Mama huyu alijua tangu zamani kwamba ana presha. Aliposafiri alibeba tembe za miezi mitatu, na kila zilipokaribia kwisha, dada yake alimtumia nyingine kwa mkono wa wasafiri. Mpango huo haukumtupa hadi Machi 2020, ndege ziliposimama. Akaanza kumeza tembe moja kila baada ya siku mbili. Kisha nusu. Kisha zikaisha. Hakuthubutu kumwambia mwajiri wake, kwa kuchelea kufutwa kazi.

Korona haikumpata hata siku moja. Kilichomwumiza ni ugonjwa wake wa zamani, uliokosa dawa kwa sababu milango ilifungwa.

Msomaji, huenda wewe au ndugu yako mnajiandaa kwenda Qatar, Dubai, Uingereza au Marekani kutafuta riziki au elimu. Makala haya ni yenu.

MILANGO HUFUNGWA GHAFLA

Tukumbushane yaliyotokea. Mji wa Wuhan nchini China ulifungwa Januari 23, 2020, na haukufunguliwa hadi Aprili 8. Wakenya waliokuwa wakisoma huko walifungiwa pamoja na wenyeji. Saudi Arabia ilisimamisha ndege za abiria wa kimataifa Machi 15. Kenya nayo ilifanya vivyo hivyo Machi 25, na safari hizo hazikurejea hadi Agosti 1. Hiyo ni zaidi ya miezi minne.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya Korona Mei 5, 2023. Lakini hakuna daktari atakayekuahidi kwamba ugonjwa mwingine wa aina hiyo hautazuka. Ukizuka tena ukiwa ugenini, dawa ulizozoea kutumiwa kutoka nyumbani zinaweza kukwama kwa muda ambao hukuupangia.

KWA NINI DAWA ISIKATIZWE?

Presha ni ugonjwa wa kimya. Unaweza kuacha dawa mwezi mzima ukajiona mzima wa afya, kumbe mishipa ya ubongo, moyo na figo inaumia. Siku moja unaamka upande mmoja wa mwili umepooza. Hicho ndicho kiharusi.

Mwenye kisukari anayetegemea insulini anaweza kuzidiwa na kufa katika muda wa siku chache akiikosa. Mwenye kifafa akikatiza tembe, degedege hurudi, na huenda likamshika akiwa mbele ya jiko au juu ya ngazi. Kwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, kurukaruka siku huwapa virusi nafasi ya kuzizoea, na zikizoeleka hazifanyi kazi tena. Naye mwenye pumu aliyeishiwa dawa ya kuvuta yuko hatarini usiku wowote kifua kitakapobana.

MAMBO MATANO YA KUFANYA KABLA YA SAFARI

Kwanza, mwone daktari angalau mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Mwambie unakoenda na utakaa muda gani. Kama dawa yako ni adimu au ghali huko, yamkini anaweza kukubadilishia mapema, nawe ukaizoea ukiwa bado nyumbani.

Pili, omba barua iliyopigwa chapa, yenye jina la ugonjwa, jina asilia la dawa na kipimo chake. Jina la kibiashara peke yake halitoshi, kwa kuwa dawa ile ile huuzwa kwa majina tofauti katika nchi tofauti. Ukiwa na jina asilia, mwuza dawa yeyote duniani ataelewa unachotafuta.

Tatu, beba kiasi kikubwa kabisa unachoruhusiwa, dawa zikiwa ndani ya pakiti zake za asili. Nchi nyingi zina kikomo, kwa hivyo uliza ubalozi wa nchi hiyo kwanza. Tahadhari hasa na dawa kali za maumivu na za usingizi, kama vile tramadoli, kodeini na diazepamu. Katika Falme za Kiarabu, kwa mfano, dawa za aina hii zinahitaji kibali kabla hujasafiri. Ukizibeba kiholela unaweza kujikuta mbele ya hakimu.

Nne, dawa zikae katika mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Sanduku linaweza kupotea, na insulini ikiganda kwa baridi huko chini huharibika. Joto nalo ni adui. Chupa ya insulini uliyokwisha kuifungua hudumu kama wiki nne mahali penye joto lisilozidi nyuzi 30, ilhali kiangazi cha nchi za Ghuba hupita nyuzi 40. Usiiache garini wala dirishani.

Tano, piga nakala za pasipoti, mkataba wa kazi, barua ya daktari na kadi zako za chanjo. Seti moja mwachie mtu unayemwamini nyumbani, na nyingine itunze kwenye simu. Cheti cha homa ya manjano sasa hutambuliwa kwa maisha yako yote, lakini huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya chanjo. Usikimbilie sindano usiku wa kuamkia safari.

UKISHAFIKA

Wiki ya kwanza tafuta duka la dawa na zahanati iliyo karibu. Ulizia bei ya dawa yako hapo. Usingoje tembe ya mwisho. Jiandikishe katika ubalozi wa Kenya, ili jina lako liwepo siku watu watakapohesabiwa. Soma pia bima uliyopewa, kwani baadhi ya bima hazilipii magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya safari.

Jifunze nambari ya kuita ambulensi. Saudi Arabia ni 997, Falme za Kiarabu 998, Qatar na Uingereza 999, Marekani 911, na katika nchi nyingi za Ulaya ni 112.

KARANTINI SI ADHABU

Wengi huchanganya mambo mawili. Kutengwa ni kwa aliyekwisha kuugua, ili asiambukize wengine. Karantini ni kwa mtu mzima wa afya ambaye huenda alikutana na ugonjwa. Anangojewa aone kama dalili zitajitokeza. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliwaamuru wasafiri kutoka kwenye tauni wangoje siku 30. Baadaye siku zikafanywa 40, na ndiyo maana neno lenyewe limetokana na neno la Kiitaliano la arubaini. Kwa Korona ziliwekwa siku 14, kwa kuwa aghalabu dalili hujitokeza ndani ya muda huo.

Ukiwekwa karantini, sema mara moja kwamba unatumia dawa za kila siku na zimebaki ngapi. Usione haya. Mhudumu hawezi kukupa asichokijua.

UKIUGUA, NENDA

Kukosa pumzi, maumivu ya kifua yasiyokoma, kuchanganyikiwa, au midomo na ufizi kubadilika rangi ni dalili za hatari. Usingoje asubuhi.

Najua kuna wanaoogopa hospitali kwa sababu vibali vyao vimekwisha muda. Machi 30, 2020, Saudi Arabia ilitangaza kwamba wagonjwa wa Korona wangetibiwa bure, hata wale wasio na vibali halali. Amri za namna hii hutolewa wakati wa mlipuko, na aliyejificha huenda asizisikie. Uliza ubalozi, uliza Wakenya wenzako.

Moyo nao huugua. Ukipoteza usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kuzungumza na watu kwa muda wa wiki mbili au zaidi, huo si uvivu wala si kurogwa. Ni ugonjwa unaotibika. Panga siku na saa maalumu ya kupiga simu nyumbani, na usiwaambie tu kwamba kila kitu ni sawa. Nawe uliye nyumbani, kabla ya kuuliza kuhusu pesa, uliza, "Dawa zimebaki ngapi?"

Yule mama bado huja kwangu kila mwezi. Presha imeshuka, lakini figo hazikurudi zilivyokuwa, na hawezi tena kazi nzito. Mwaka uliopita alikuja na mpwa wake, msichana mwenye pumu aliyepata kazi Qatar. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua mkoba wa msichana juu ya meza yangu, akahesabu dawa za kuvuta moja moja, akasoma barua mara mbili, kisha akamwambia, "Nguo utanunua huko."

Tahadhari kabla ya hatari.