Fundisho juu ya Homoni Zilizokosa Kipimo

Mwanamke asiyezaa hulaumiwa upesi: huambiwa amelogwa, hata hurudishwa kwao na mahari kudaiwa. Yafaa basi tujifunze ugonjwa mmoja ambao mara nyingi ndio sababu. Madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliueleza mwaka 1935. Huwapata karibu wanawake kumi katika kila mia walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kama wanao.

Ulizo: Homoni ni nini?

Jibu: Ni wajumbe wa mwili. Hutoka katika tezi, husafiri katika damu, na kila mmoja hupeleka amri yake mahali pake. Mmoja akizidi au akipungua, kazi ya wengine huharibika.

Ulizo: Katika ugonjwa huu zipi huharibika?

Jibu: Kwa wengi, mwili hauitii sawasawa insulini, iongozayo sukari ya damu, kwa hiyo kongosho hutoa nyingi zaidi. Insulini iliyozidi huzichochea ovari, yaani viungo viwili vya kukomaza mayai, kufanya homoni za kiume kupita kipimo. Kila mwanamke anazo kidogo; zikizidi, huleta ndevu na chunusi. Tena homoni zitokazo chini ya ubongo hukosa ulinganifu. Basi yai halikomai wala halitoki, hedhi huchelewa miezi, na mimba huwa vigumu kushika.

Ulizo: Je, mwanamke huyo ni tasa?

Jibu: Hapana. Wengi huzaa, wengine hata bila dawa. Aliye mnene akipunguza uzito kidogo, hedhi yaweza kurudi. Tena daktari aweza kumpa letrozoli, dawa isaidiayo yai kukomaa.

Ulizo: Asiyetafuta mtoto aweza kuupuuza?

Jibu: Asiupuuze. Hedhi ikikosekana muda mrefu, utando wa ndani ya tumbo la uzazi huzidi kunenepa, na hatari ya kansa huongezeka. Hatari ya ugonjwa wa sukari nayo huwa kubwa zaidi.

Basi mke aandike tarehe za hedhi yake; zikiachana mara kwa mara kwa zaidi ya siku 35, amwambie daktari. Naye mume asiseme, "Nimeoa tasa." Waende wote wawili kupimwa, kwani kasoro yaweza kuwa kwake pia. Nyumba nyingi zimevunjika kwa ugonjwa ambao ungaliweza kutibiwa.