Santuri za Tango: Mashine Ilisikia Nini?

UTANGULIZI

Mwaka 1917, mjini Buenos Aires, mwimbaji Carlos Gardel alirekodi wimbo uitwao "Mi noche triste". Wimbo huo huhesabiwa kuwa ndio uliofungua njia ya tango la kuimbwa. Mwaka 1930 aliurekodi tena. Mtu anayezisikiliza santuri hizo mbili, moja baada ya nyingine, hushangaa. Katika ile ya kwanza sauti ni nyembamba na ya mbali, kana kwamba mwimbaji yumo ndani ya mtungi. Katika ile ya pili anasikika kama mtu aliyeketi upande wa pili wa meza. Je, Gardel alijifunza kuimba vizuri zaidi katika miaka hiyo kumi na mitatu? Huenda alijifunza. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikutoka kooni mwake, bali ilitoka katika mashine.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi santuri inavyonasa sauti, na kwa nini msikilizaji asiyeijua mashine anaweza kutoa hukumu isiyo ya haki juu ya wanamuziki waliokwisha kufa.

TANGO NA ALA YAKE

Tango linalozungumzwa hapa si tunda la bustanini. Ni muziki na dansi iliyozaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika miji ya Buenos Aires, nchini Argentina, na Montevideo, nchini Uruguay. Wahamiaji kutoka Ulaya, watu wa asili ya Kiafrika na wenyeji wa mashambani walikutana katika mitaa ya miji hiyo, na kila kundi likachangia chake. Mwaka 2009 UNESCO ililiingiza tango katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Ala inayolitambulisha tango ni bandoneoni, iliyopewa jina la Heinrich Band, mfanyabiashara wa ala za muziki wa mji wa Krefeld, Ujerumani. Bandoneoni ni ndugu ya kodiani inayosikika katika taarabu. Ndani yake mna ndimi nyembamba za chuma cha pua. Kila ulimi umefungwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Mpigaji anapofungua au kufunga mvukuto, hewa hupita na kuutetemesha ulimi. Ulimi mrefu na mzito hutetemeka polepole na kutoa sauti nene. Ulimi mfupi na mwepesi hutetemeka haraka na kutoa sauti nyembamba. Bandoneoni iliyozoeleka Argentina ina vitufe 71. Vingi kati yake hutoa sauti moja mvukuto unapofunguliwa na nyingine unapofungwa, kwa hiyo ala nzima hutoa sauti 142.

Jambo moja zaidi lafaa kukumbukwa. Bendi ya tango kwa kawaida haina ngoma. Mapigo hutokana na fidla besi, mkono wa kushoto wa mpiga piano na mivuto mikali ya bandoneoni. Kwa hiyo mashine isiyosikia sauti nene hulipunguzia tango miguu yake.

ENZI ZA PEMBE

Hadi katikati ya miaka ya 1920 sauti ilirekodiwa bila umeme. Wanamuziki walisongamana mbele ya pembe kubwa ya bati. Sauti ilipita katika pembe, ikautetemesha utando mwembamba, na utando ukaisukuma sindano iliyochora mchirizi katika sahani ya nta. Nguvu yote ya kuchora nta ilitoka katika pumzi na mikono ya wanamuziki wenyewe.

Mashine hiyo ilinasa vizuri mitetemo iliyo kati ya takriban 200 na 2,500 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Hesabu rahisi yaonyesha sababu mojawapo ya upungufu huo. Uzi mnene kabisa wa fidla besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, urefu wa wimbi lake ni 340 ÷ 41, yaani zaidi ya mita 8. Pembe yenye kinywa kisichofika mita moja haiwezi kulikusanya vema wimbi la namna hiyo.

Hata hivyo, msikilizaji makini wa santuri hizo mara nyingine huitambua besi. Jambo hili si ndoto. Uzi unapotetemeka mara 41 kwa sekunde, hutoa pia mitetemo ya nyongeza ya 82, 123, 164, 205, 246 na kuendelea. Pembe hupoteza ile ya chini, lakini huweza kunasa 205, 246 na 287. Ubongo huona kwamba tofauti kati yake ni 41 kila mara, nao hujijengea sauti ya msingi ambayo haimo kabisa katika santuri.

Wanamuziki nao walilazimika kuitumikia mashine. Wenye ala za kishindo walisimamishwa mbali, na wenye ala za upole walisogezwa karibu. Fidla ya kawaida ilikuwa dhaifu mno, hivyo ikabuniwa fidla yenye utando na pembe ya chuma badala ya sanduku la mbao. Julio De Caro, aliyeunda kundi lake la wanamuziki sita mwaka 1924, alijulikana sana kwa fidla ya aina hiyo, na aliendelea kuipiga hata baada ya haja yake kwisha. Kifaa kilichobuniwa ili kuiridhisha mashine kilikwisha kuwa sehemu ya ladha ya muziki.

ENZI ZA MAIKROFONI

Kurekodi kwa umeme kulianza Marekani mwaka 1925 na kufika Buenos Aires mwaka 1926. Maikrofoni hugeuza mitetemo ya hewa kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka. Vali huukuza mkondo huo, na sumaku-umeme huiendesha sindano ya kuchora. Tangu hapo mwanamuziki hakuhitaji tena kuikata nta kwa nguvu zake mwenyewe. Besi ilisikika, na herufi kama "s" na "f", zenye mitetemo ya haraka, zikaanza kutambulikana. Mwimbaji aliweza hata kunong'ona. Gardel wa mwaka 1930 ni mtu aliyepewa nafasi ya kuimba kwa upole.

MWENDO WA SANTURI

Santuri za zamani huitwa "za mizunguko 78" kwa dakika. Kwa kweli mwendo huo haukuzingatiwa sawasawa, hasa kabla ya umeme. Santuri nyingi zilirekodiwa kwa mwendo wa chini au wa juu zaidi.

Chukua santuri iliyorekodiwa kwa mizunguko 73.6, ikapigwa kwa 78. Mitetemo yote huzidishwa kwa 78 ÷ 73.6, yaani 1.06. Hiyo ni karibu sawa na hatua moja kati ya vibao viwili vya piano vinavyofuatana. Sauti ya mitetemo 200 huwa 212, na wimbo wa sekunde 180 humalizika kwa sekunde 170. Zaidi ya hayo, mwangwi wa kinywa na koo la mwimbaji nao hupanda, hivyo mtu mzima husikika kama mwenye mwili mdogo kuliko alivyokuwa. Msikilizaji atasema kwamba wazee walicheza tango kwa haraka na kwamba mwimbaji alikuwa na sauti ya puani, kumbe kosa ni la aliyeweka santuri. Kosa hilo likishaingizwa katika kompyuta, hunakiliwa maelfu ya mara bila kupungua.

Hapa bandoneoni humsaidia mtafiti. Gitaa hukazwa nyuzi kila siku, na mwimbaji huweza kuanzia popote, lakini ulimi wa chuma hushikilia sauti yake kwa miaka. Bandoneoni zote hazikulinganishwa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo ushahidi wake si kamili. Hata hivyo hupunguza sana uwezekano wa kukosea.

DAKIKA TATU NA MUZIKI WA KUNDI DOGO

Upande mmoja wa santuri ya kawaida ya mizunguko 78 ulichukua dakika tatu hivi, na ule wa santuri kubwa dakika nne au tano. Tango la kuchezwa lilitosha humo. Muziki wa kundi dogo la ala, unaosikilizwa kwa utulivu ukumbini, haukutosha. Kazi ya fidla mbili, viola na chelo yenye dakika 20 ilipaswa kukatwa vipande vitano.

Mtunzi wa Brazil, Heitor Villa-Lobos (1887–1959), alitunga "Bachianas Brasileiras" namba 5 kwa sauti ya mwanamke na chelo nane. Uzi mnene wa chelo hutetemeka mara 65 kwa sekunde. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo ilirekodiwa mwaka 1945 na Bidu Sayão, mtunzi mwenyewe akiongoza. Mbele ya pembe ya bati, chelo hizo nane zingepoteza sehemu kubwa ya unene wake.

Mwaka 1948 ilitolewa santuri ya mizunguko 33⅓, yenye zaidi ya dakika 20 kila upande. Astor Piazzolla (1921–1992), mpiga bandoneoni wa Argentina aliyesoma kwa Alberto Ginastera na baadaye, mwaka 1954, kwa Nadia Boulanger mjini Paris, aliitumia nafasi hiyo. Mwaka 1960 aliunda kundi la watu watano wa bandoneoni, fidla, piano, gitaa la umeme na fidla besi. Muziki wake ulikuwa wa kusikilizwa zaidi kuliko wa kuchezwa. Humo fidla hukwaruzwa nyuma ya daraja la nyuzi ili itoe mchakato kama wa msasa. Mchakato huo umejaa mitetemo ya haraka sana ambayo pembe ya bati isingeisikia. Santuri yake "Tango: Zero Hour" ya mwaka 1986, na "Five Tango Sensations" aliyorekodi pamoja na Kronos Quartet na kutolewa mwaka 1991, zinastahili kulinganishwa na zile za De Caro.

HITIMISHO

Santuri ni ushahidi, na kama ushahidi wowote yapasa ihojiwe: ilirekodiwa mwaka gani, kwa kifaa gani, na kwa mwendo gani? Mwaka 2003 UNESCO iliziingiza santuri asilia za Gardel zilizohifadhiwa Uruguay katika kumbukumbu za dunia. Maswali hayo hayo yazihusu santuri ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, kwani nazo zilibanwa na dakika zile zile chache. Asiyeuliza atadhani kwamba wazee walikuwa na sauti nyembamba. Anayeuliza atajua kwamba mashine ndiyo iliyokuwa na masikio mafupi.

MAZOEZI

1. Weka alama ya karatasi juu ya sahani ya gramafoni. Hesabu mizunguko kwa nusu dakika, kisha ukokotoe mwendo wake kwa dakika.

2. Santuri iliyorekodiwa kwa mizunguko 80 inapigwa kwa 78. Sauti ya mitetemo 440 itasikika kama mitetemo mingapi?

3. Rekodi ya kompyuta hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila mtetemo wahitaji kupimwa zaidi ya mara mbili. Je, rekodi hiyo yalitosheleza sikio la binadamu? Toa sababu.